Dansi humulikwa ubavuni, si usoni

Ndugu Mhariri,

Kurasa za sanaa za gazeti lako zimekuwa zikiipa nafasi dansi ya kisasa, nasi tunashukuru kwa hilo. Ila mwanga hutajwa kwa sentensi moja tu ya mwisho: taa zilipendeza, au jukwaa lilikuwa giza. Sisi tunaopanga taa za jukwaani tunaomba nafasi tueleze kazi hii inavyofanyika. Lawama nyingi wanazotupiwa wachezaji, na hata mtunzi wa dansi, chanzo chake ni taa zilizofungwa mahali pasipofaa, na wenye kumbi wanaosoma ukurasa huu ndio wenye uwezo wa kurekebisha jambo hilo.

Kosa kubwa ni kuiwashia dansi taa za mkutano. Katika kumbi nyingi bomba la taa liko mbele, juu ya vichwa vya watazamaji, na kila taa iliyofungwa hapo inamwelekea mtu usoni. Kwa mhutubu inatosha, maana tunachohitaji ni uso na midomo yake. Mcheza dansi husema kwa mgongo, kwa kisigino, kwa mbavu zinazopanuka anapovuta pumzi. Mwanga wa mbele hufuta vivuli vyote vya upande ule ambao mtazamaji anautazama, na mwili usio na vivuli huonekana bapa. Mkono ulionyooshwa kuelekea ukumbini na mkono uliokunjwa kifuani huwa kitu kimoja. Isitoshe, mwanga huo hupita hadi nyuma na kubandika vivuli vya wachezaji ukutani, na muda si muda jicho linafuata vivuli badala ya watu.

Mwanga wa ubavuni hupita juu ya mwili na kugusa kila mwinuko wake: bega, ubavu, paja, kifundo cha mguu. Upande mmoja wa msuli hung'aa na wa pili hutiwa kivuli, na hapo ndipo mtazamaji wa safu ya mwisho anapouona mgongo ukijikunja. Wakongwe wa kazi hii walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1892 jijini Paris, mcheza dansi Mmarekani Loie Fuller alirusha hariri hewani huku taa za umeme zenye rangi zikimpiga kutoka pande kadhaa. Mswisi Adolphe Appia, mbunifu wa majukwaa aliyefariki mwaka 1928, alitetea kwamba mwanga wa jukwaani lazima uchonge umbo, na umbo halichongeki bila kivuli. Jean Rosenthal, mpangaji wa taa aliyefanya kazi na mtunzi wa dansi Martha Graham kuanzia miaka ya 1930 hadi alipofariki mwaka 1969, ndiye aliyeufanya mwanga wa ubavuni uwe desturi ya dansi huko Marekani na kwingineko. Kwa hiyo wenye kumbi hatuwaombi jambo jipya.

Chukua jukwaa la upana wa mita 10 na kina cha mita 8, lenye vichochoro vinne kila upande katikati ya mapazia ya pembeni. Kila kichochoro husimamishwa nguzo moja ya chuma yenye taa tatu. Ya chini hukaa kama sentimita 30 kutoka sakafuni, ya kati kwenye mita 1.5, na ya juu kati ya mita 2.2 na 2.7. Hizo ni nguzo nane, taa 24. Mpango ungeweza kuishia hapo na dansi bado ikaonekana vizuri; mengine yote ni nyongeza. Taa zenyewe ziwe za profaili, zile zenye lenzi na shata nne za kukatia mwanga. Taa zinazotawanya mwanga ovyo hazifai pembeni, kwa sababu nusu ya mwanga wake huishia kwenye mapazia.

Taa ya chini ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo hulengwa vibaya kuliko zote. Hulazwa sambamba na sakafu, kisha shata husukumwa mpaka mwanga uache kabisa kuigusa sakafu. Fundi asiyeizoea hupotea hapa, kwani lenzi hupindua picha: shata ya juu ndiyo inayokata mwanga wa chini, na ya kushoto hukata wa kulia. Ikilengwa sawasawa, sakafu hubaki nyeusi na mwili unawaka kuanzia karibu na kifundo cha mguu. Mchezaji akiruka, jicho halina doa la mwanga wala kivuli sakafuni la kupimia alikopanda, basi huonekana amebaki hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyo kweli. Sentimita chache tu za mwanga zikiponyoka chini ya shata, mstari mweupe hujichora jukwaa zima na uzuri wote huo hutoweka.

Hapa hesabu inahitajika. Lenzi ya digrii 36 hutoa duara la mwanga lenye upana wa takriban 0.65 ya umbali. Mchezaji akiwa mita 5 kutoka kwenye nguzo, duara lina mita 3.25. Nusu yake ya chini tumeikata, imebaki nusu ya juu, mita 1.6. Ongeza sentimita 30 za kimo cha taa: mwanga unafika mita 1.9, yaani hadi kichwani. Lakini mchezaji huyo akisogea mpaka mita 2, mwanga unaishia kwenye sentimita 95. Kiuno. Kichwa na kifua vimeingia gizani ghafla, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo taa ya kati na ya juu. Wanaofunga taa za chini peke yake kwa kuwa walivutiwa na picha fulani hugundua tatizo hili usiku wa onyesho, mchezaji anapoingia jukwaani bila kichwa.

Tatizo la pili la ubavuni ni ukali wa mwanga karibu na nguzo. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: anayesimama mita 2 kutoka kwenye taa hupata mwanga mara 16 ya yule aliye mita 8. Ukilenga kitovu cha mwale katikati ya jukwaa, kila anayepita kando ya mapazia huunguza macho ya watazamaji. Dawa yake ni kulenga kitovu cha taa ya juu kwenye robo ya mbali ya jukwaa, upande ule mwingine kabisa, ili aliye karibu aguswe na ukingo wa mwale. Kwenye taa ya profaili, ukingo wa nje wa duara una takriban asilimia 10 ya mwanga wa kitovu, kwa hiyo umbali na ukingo husawazishana. Ukiongeza filta ya kulainisha, mpaka wa mwale hufifia na mchezaji hupita bila kuonekana akikata mstari. Halafu shata zifanye kazi yake: mwanga ukatwe kwenye ukingo wa pazia la pembeni la upande wa pili, ukatwe usiguse pazia la nyuma, na ukatwe usimwagikie watazamaji wa safu ya kwanza. Mbinu ya kulenga ni rahisi. Mtu asimame anapopita mchezaji, kimo chake kijulikane, anyanyue mkono. Taa ya juu ambayo haifiki kwenye vidole vyake itamkata kichwa anayeruka.

Mwanga wa nyuma kutoka juu huja baada ya hapo. Gawa sakafu katika maeneo tisa, matatu kwa matatu, kila eneo na taa yake, miale ikipishana kiasi kwamba anayetembea kutoka eneo moja hadi jingine asipite kwenye shimo la giza. Mwanga huu huchora mstari mwembamba mabegani na kumtenganisha mchezaji na weusi ulio nyuma yake. Ndio pia unaopaka sakafu rangi, na watu walio ghorofani huitazama sakafu kuliko tunavyodhani. Mkeka mweusi wa dansi humeza sehemu kubwa ya mwanga lakini hung'aa ukipigwa kwa pembe ndogo. Mkeka mweupe hurudisha mwanga juu na kujaza vivuli vyote tulivyohangaika kuvitengeneza. Mtunzi akitaka mkeka mweupe, mwanga wa juu upunguzwe sana na wa pembeni ubebe kazi. Ni vizuri aulizwe mapema, kabla ramani ya taa haijachorwa.

Mwanga wa mbele hatuuchukii. Ukipandishwa hadi asilimia 20 au 30, kutoka pembe ya karibu digrii 45, unaonyesha macho bila kufuta mwili. Ukizidi hapo unaharibu.

Kuhusu rangi ya ngozi tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo, maana hapa makosa ni mengi. Ngozi nyeusi hurudisha kiasi kidogo cha mwanga uliotawanyika. Kinachosomwa na jicho ni ule mng'ao unaotembea juu ya msuli, na mng'ao hutegemea pembe. Kwa hiyo fundi anayeambiwa "hawaonekani" akakimbilia kuongeza taa za mbele anafanya kinyume cha kinachohitajika: ukuta wa nyuma unazidi kung'aa na wachezaji wanazidi kuwa vivuli mbele yake. Punguza mwanga unaopiga ukuta wa nyuma, ongeza wa ubavuni na wa juu kwa nyuma, na mwili utajitokeza wenyewe. Jasho husaidia, dakika ya thelathini ya onyesho ngozi hung'aa kuliko dakika ya kwanza, na ishara za mwanzo, yaani mabadiliko ya taa yaliyopangwa, zinahitaji nguvu kidogo zaidi. Pale ambapo ngozi za rangi mbalimbali ziko kwenye jukwaa moja, tunasawazisha kwa pembe na kwa eneo, kamwe hatumwagi mwanga sawa kwa wote tukategemea bahati.

Rangi za filta ziwe chache. Taa ya halojeni ina Kelvini 3,200, mwanga wa manjano kidogo; Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na ikipanda mwanga huelekea bluu. Filta ya bluu ya kampuni ya Lee, namba 203, huupeleka karibu 3,600, Lee 202 karibu 4,300, na Lee 201 karibu 5,700. Ukiweka 201 upande mmoja na kuuacha wa pili bila filta, tayari mwili una upande wa baridi na upande wa joto, na kila mzunguko wa mchezaji unabadilisha rangi yake mwenyewe. Onyesho la dakika 40 linaweza kuishi kwa hizo mbili na bluu moja nzito ya kutoka juu. Bluu nzito hupitisha mwanga mdogo sana, basi isitegemewe peke yake kumwonyesha mtu. Nguo zijaribiwe chini ya taa kabla hazijashonwa: nyekundu chini ya bluu huwa nyeusi, na nyeusi mbele ya pazia jeusi huacha mikono na uso vikielea bila mwili.

Taa za LED zimepunguza mzigo wa umeme, na hilo ni jambo jema. Taa 24 za halojeni za wati 575 hula wati 13,800, yaani ampea 60 kwenye volti 230. Za LED za wati 150 zitakula 3,600, chini ya ampea 16. Lakini zile za bei nafuu zenye nyekundu, kijani na bluu pekee hutoa weupe wa uongo unaoifanya ngozi iwe ya kijivu au ya kijani, kwa sababu kati ya rangi hizo tatu pana mapengo. Tafuta zilizoongezwa kaharabu au kijani-limau, au zenye weupe wa kipimo cha CRI, cha uaminifu wa rangi, cha 90 na zaidi. Udhaifu wao wa pili huonekana mwanga unapozimika polepole. Taa inayoongozwa kwa chaneli moja ya DMX, mfumo wa kupeleka amri kutoka meza ya taa, ina ngazi 256 tu za ukali. Kushuka kutoka asilimia 10 hadi sifuri kwa sekunde 10 ni ngazi kama 25, kila moja ikikaa sekunde 0.4, na mtazamaji anaona kila ngazi ikidondoka. Iwekwe kwenye hali ya biti 16, inayotumia chaneli mbili na kuwa na ngazi 65,536, na mteremko wake wa kufifia uchaguliwe ule unaoshuka taratibu mwanga unapokaribia sifuri. Halojeni hubadilika kuwa ya manjano inapofifia, na jicho limezoea; LED hubaki na rangi ileile, kwa hiyo umanjano huo wa kufifia lazima upangwe kwa mkono.

Taa zikitetemeka bila sababu, chanzo mara nyingi ni waya. Laini moja ya DMX512 ina chaneli 512, haipaswi kubeba vifaa zaidi ya 32, na kifaa cha mwisho kinahitaji kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Waya wa maikrofoni unafanana nao kwa sura na hata huingia kwenye baadhi ya taa, lakini haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Utafanya kazi mchana kutwa kisha uanze kuchezacheza ukumbi ukijaa.

Mpango wenyewe huanzia chumba cha mazoezi, mapema kuliko watu wanavyofikiri. Anayepanga mwanga atazame dansi mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili achore sakafu na kufuatilia njia: nani anaingia wapi, ulalo upi unatumika, dakika ngapi zinapita wachezaji wakiwa wamelala chini. Kucheza chini kunabadilisha kila kitu, kwani hapo taa za chini zinampiga aliyelala karibu na nguzo na kumfunika aliye ng'ambo yake kwa kivuli, na mwanga wa juu ndio unaookoa. Mtunzi asiulizwe anataka rangi gani. Ataitaja na mtabanwa nayo. Aulizwe nini lazima kionekane, nini kifichwe, na badiliko lije kabla ya mwendo, pamoja nao, au baada yake. Badiliko linalotangulia humwonyesha mtazamaji pa kutazama. Linalofuata huonekana kama mchezaji ndiye aliyelisababisha. Nusu sekunde ndiyo tofauti yao.

Ishara za taa zihesabiwe kwa tano au kwa kumi, 5, 10, 15, ili nafasi ibaki ya kuingiza nyingine katikati. Ziitwe kwa mwendo wa mwili pale muziki usipokuwa na mapigo ya wazi, na msimamizi wa jukwaa awe amekaa mazoezini vya kutosha kuyajua mapigo nane kwa nane. Mabadiliko ya sekunde 8 au 12 ambayo hakuna anayeyatambua ni kazi halali. Hayahitaji kuonekana ili yawe na maana. Giza nalo lipimwe. Jicho lililotoka kwenye mwangaza mkali huliona eneo hafifu kama shimo kwa sekunde kadhaa, kisha hujirekebisha. Mwandishi anayeandika kwamba jukwaa lilikuwa giza huenda anasema kweli, na mara nyingi kosa ni ishara iliyotangulia iliyokuwa kali mno. Pia eneo hafifu likiachwa dakika nyingi mfululizo huchosha, na hapo ukumbi huanza kusinzia hata dansi ikiwa nzuri.

Usalama haujadiliwi. Nguzo zikazwe kwa mifuko ya mchanga au zifungwe juu, kila taa iwe na mnyororo wa usalama, na nafasi ya sentimita 90 iachwe ya wachezaji kupita mbio. Taa ya chini ifungwe sifongo kwenye kona na tepu inayong'aa gizani, maana magoti na vifundo huumia hapo. Mchezaji anayezunguka huhitaji pa kutuliza macho kila mzunguko, na nguzo za pembeni humpofusha. Taa moja ndogo nyekundu, hafifu, katikati kabisa mwisho wa ukumbi, usawa wa macho yake, inamrudishia mwelekeo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ukumbini, nasi hatuelewi kwa nini husahaulika. Ukungu wa mashine ukitumiwa, mashine isielekezwe kwenye mkeka kwa karibu, kwani mkeka huteleza, na wenye jengo waulizwe kwanza kuhusu vitambua moshi.

Ombi letu kwa wenye kumbi ni muda. Kulenga taa 40 kwa dakika tatu kila moja ni saa mbili. Kuandika ishara 30 kwa dakika tano kila moja ni saa mbili na nusu. Dansi ipite yote mara moja ikisimamishwa kila inapobidi, kisha mara ya pili bila kusimama, na wachezaji wapumzike katikati. Siku ya pili ndiyo ya onyesho. Kikundi kinachopewa ukumbi saa moja kabla ya milango kufunguliwa kitawashiwa taa za mbele, kwa sababu hakuna kingine kinachowezekana. Pale ambapo vikundi vitano vinacheza jioni moja, uwekwe mpango mmoja wa pamoja: nguzo nane zilizokwisha kulengwa, mwanga wa juu wa maeneo tisa, na kila kikundi kipewe taa mbili hadi nne za kulenga kinavyotaka. Ramani hiyo, kwa kipimo cha 1:50, itumwe kwa vikundi wiki mbili kabla, ikiwa na vimo vya mabomba na idadi ya chaneli.

Kwako Mhariri, tunaomba mwandishi wako akihudhuria dansi atazame nyayo wakati wa kuruka, atazame kama anauona mgongo wa aliye nyuma kabisa, na aangalie badiliko la mwanga lilikuja kabla ya mwendo au baada yake. Ayaandike hayo hata kama ni mabaya. Na jina la aliyepanga mwanga lichapishwe pamoja na la mtunzi, ili lawama na sifa zimfikie anayestahili.

Ni sisi,
Wapangaji wa taa za jukwaani